Mashine ya Kubebwa Mgongoni

Mnakuja na kompyuta zenu nyembamba kama sahani, mnaziweka mezani mbele yangu na kuniuliza, "Mama Mapendo, hii iko muzuri?" Mimi kabla ya kuifungua nainyanyua kwa mikono miwili. Mnacheka. Mnasema huyu mama amezeeka, anapima ordinateri kama mtu anayenunua nyama. Chekeni tu. Macho yangu hayaoni tena herufi ndogo, vidole vimekuwa vigumu, na kazi nimewaachia ninyi. Lakini mmeniomba niwaandikie ninayoyajua, na ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya ninayoyajua nilifundishwa na woga.

Sisemi woga wa kuharibu kitu cha watu. Huo pia nilikuwa nao. Nasema ule woga wa kukaa kazini huku sikio moja liko barabarani, mwaka baada ya mwaka, mpaka mtu anasahau kwamba kuna watu duniani wanaofanya kazi na masikio yote mawili.

Tulikuwa katika kijiji cha Mpofi. Chumba cha mbele cha nyumba yetu kilikuwa sekretaria, yaani mahali pa kuandikisha barua, kutoa fotokopi, kupiga picha za wanafunzi na kuchapa mialiko ya ndoa. Kwaya nazo zilikuja kuchomewa nyimbo kwenye CD. Mashine zilikuwa za Papa Kasereka, mfanyabiashara wa Butembo aliyekuwa na maduka katika mji mdogo wa Mubi. Mume wangu aliendesha lori lake, kwa hiyo alikuwa nyumbani siku chache na njiani siku nyingi. Mimi nilikuwa mpimaji. Mashine yoyote iliyopanda kutoka Goma, kabla Papa Kasereka hajaipeleka Mubi au Pinga, ilipita kwanza mikononi mwangu.

Mwanzoni tulikuwa na ordinateri ya mezani, ile yenye sanduku lake na kioo kizito chenye kisogo. Vita vilipotufikia mara ya kwanza, nilishika nilichoona ni cha thamani. Nikajitwisha kile kioo kichwani, nikatembea nacho siku mbili msituni, shingo ikiingia mabegani. Nilipokutana na Papa Kasereka nilijivuna: nimekuokolea mashine. Alikizunguka kioo, akakitazama mbele na nyuma, akasema, "Mama, na mashini yenyewe iko wapi?" Kazi yote, barua zote, picha zote zilikuwa ndani ya sanduku, na sanduku nilikuwa nimeliacha chini ya meza. Nilikimbia na dirisha nikaacha nyumba. Tulicheka sana siku ile, kwa sababu tulikuwa hai.

Hapo ndipo alipotoa agizo ambalo lilikuwa kazi yangu kwa miaka iliyofuata. "Tutafute mashini yenye inatumika sawa ile ya bureau, ile ya ku meza," alisema, "lakini yenye inajua kukimbia."

Basi tukahamia kwenye zile laptopu kubwa. Ninyi hamzipendi, najua. Kioo cha inchi kumi na saba, kibodi kamili yenye namba zake pembeni, sehemu ya CD, matundu ya kuchomeka printa, kamera na flashi kwa pamoja. Zilifanya kila kitu ambacho ile ya mezani ilifanya. Ila mashine hizi zina ujanja wake, na muuzaji wa Goma ana ujanja zaidi. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Zile zilizotembezwa mpaka mlangoni kwangu niliziogopa kuliko zote.

Aliyenifundisha kupima ni Fundi Bauma. Alikuwa mtengenezaji wa redio huko kwetu Masisi, kwenye vilima vya maharagwe na viazi nilikozaliwa. Ordinateri alikuwa hazijui sana, lakini alijua vitu vinavyotumia umeme jinsi mchungaji anavyojua ng'ombe. Aliniambia, "Mutoto, mashini haina haya. Ukiipatia kazi mingi, itakuonyesha tabia yake yote." Alininyima bisibisi mwaka mzima. Alitaka kwanza nijifunze kunusa, kusikiliza na kugusa.

Kutokana na mafundisho yake nikatengeneza jaribio langu, ambalo watu wa Mpofi waliliita kupika mashine. Naweka maharagwe makavu motoni. Hapohapo nawasha mashine, naipa kazi zote kwa mpigo: icheze filamu, inakili CD, ifungue waraka wenye picha arobaini za wanafunzi. Haipumziki mpaka maharagwe yaive. Prosesa yenye nguvu ya kweli utaiona maharagwe yanapoanza kupasuka: ile ya uongo imeshaanza kusuasua, filamu inakatika, kishale cha kipanya kinatembea kama mlevi. RAM ikiwa ndogo, diski inakwaruza bila kupumua. Kisha napeleka mgongo wa kiganja chini ya mashine, pale feni inapotolea joto. Nikiweza kusali Baba Yetu yote bila kuondoa mkono, inafaa. Nikiishia kwenye mkate wa kila siku, muuzaji achukue kitu chake.

Siku moja sikupika. Ilikuja mashine yenye mfuniko unaong'aa kama kiatu cha Pasaka, foleni ya wateja ilikuwa ndefu, nikaitazama nusu saa nikasema nzuri. Wiki iliyofuata mkuu wa shule akaleta wanafunzi wake wa mtihani tuwapige picha za fomu. Kwenye mwanafunzi wa kumi mashine ikazima. Tukaiwasha, ikazima. Mara ya tatu ilitoa harufu ya mpira ulioungua, na watoto waliokuwa wamevaa mashati ya kuazima kwa ajili ya picha wakarudi kwao bila picha. Nilitaka ardhi inimeze. Papa Kasereka alipopata habari hakunifokea hata kidogo. Alinitumia gunia la maharagwe kwa pikipiki, pamoja na ujumbe: "Ili usikose tena ya kupimia."

Haya ndiyo mambo ya kuchekesha. Sasa niwaambie na mengine.

Jenereta inafunika mlio wa bunduki. Hilo hakuna kitabu kitakachowaambia. Chaja za mashine hizi ni nzito kama tofali na zinakula umeme mwingi, kwa hiyo jenereta ndogo hunguruma kwa shida, na ukikaa karibu nayo husikii kitu kingine. Kila baada ya muda nilikuwa naizima makusudi, nasikiliza. Mteja anauliza, "Mafuta imeisha?" Nasema hapana. Naye anasikiliza pamoja nami. Kama ni jogoo na watoto tu, nawasha tena. Ndiyo maana betri niliipima kwa namna yangu: nilitaka mashine inayobaki hai wakati mimi nasikiliza. Mashine hizi kubwa betri zake ni dhaifu, msidanganywe na kibandiko. Ikikupa dakika arobaini, mshukuru Mungu.

Kioo kinachong'aa ni kibaya kwa kazi, kinaumiza macho mlango ukiwa wazi, na mlango wangu haukufungwa kamwe mchana. Lakini nilivipenda vioo vile. Nikikaa nikiutazama mtaa, kioo kilinionyesha anayeingia kwa mlango wa nyuma. Spika nilizipima kwa sauti ya chini, sikio karibu, kwa sababu muziki mkubwa unawaita watu usiowataka. Mpimaji wa Goma angeandika kwamba spika ni hafifu. Mimi niliandika: inatosha.

Na jaribio la mwisho lilikuwa la uzito. Nikimaliza kupika, nazima mashine kabisa, naifunga kwenye kitenge pamoja na chaja yake, najifunga mgongoni kama mtoto, napanda kilima mpaka kanisani na kurudi. Mkiambiwa mashine ina kilo nne, ulizeni: pamoja na chaja? Hawakuhesabu chaja. Na hakikisheni imezimwa, sio kufunikwa tu. Ikifunikwa inaweza kuendelea kufanya kazi ndani ya nguo kama kaa chini ya majivu, ikajipika yenyewe na kumaliza betri. Papa Kasereka akinikuta nashuka kilima na mzigo wangu alikuwa ananitania, "Mama Mapendo, ule mutoto wako wa plastiki atabatizwa lini?"

Nilipanda kile kilima mara nyingi mno. Mikono yangu ilikuja kujua kuifunga mashine ile bila mimi kuwaza.

Ninyi mliozaliwa baadaye labda hamjui kwamba katika miaka ile kila nyumba ilikuwa na mgawanyo wa mizigo. Mtu hangoji vita vifike ndipo achague cha kubeba. Akingoja atakimbia na kioo, kama mimi. Kila mmoja alikuwa na wake, unajulikana, unatajwa mezani wakati wa kula ili usisahaulike. Kwetu, mama mkwe wangu alikuwa na mzigo wake: mtoto. Binti yangu Mapendo alikuwa na miezi minane, ndio kwanza anatambaa, na bibi yake alimpenda kuliko mboni ya jicho lake. Mzigo wangu ulikuwa mashine, kwa sababu mimi peke yangu nilijua kuifunga isivunjike, na kazi ile ndiyo iliyotulisha wote. Tulikimbia hivyo mara tatu. Bibi mbele na mtoto, mimi nyuma na mashine. Mara zote tatu tulifika salama, na watu walitusifu kwa utaratibu wetu.

Asubuhi ile nilikuwa napika mashine mpya. Sijaona nyingine kama ile. Maharagwe yalikuwa yamekaribia kuiva nayo ilikuwa bado nyepesi, filamu inateleza, feni inapumua polepole kama mtu aliyelala. Nilikuwa nimefurahi. Kwenye kioo mstari wa CD ulikuwa unajaa, umebakiza kidogo, nami nilitaka kuona utafika lini. Mama mkwe akapita nyuma yangu na kikapu chake cha kuchumia majani ya muhogo.

"Minaenda ku shamba kidogo kuvuna sombe," alisema. "Mutoto analala."

Nilimwona kwenye kioo. Nikamjibu, "Ndiyo, Mama." Nilijibu kwa mdomo tu, macho yangu yakiwa kwenye ule mstari.

Sijui ulipita muda gani. Jenereta ilikuwa inanguruma. Kisha jirani yangu, Mama Kahindo, akagonga dirisha kwa viganja vyote viwili, na mdomo wake ulikuwa unafunguka bila mimi kusikia. Nikatoka kuzima jenereta. Ndipo nikasikia, karibu, upande wa daraja, kama mtu anayepasua mbao kavu.

"Banafika! Mama Mapendo, banafika! Kimbia!"

Nilikimbia ndani. Nikachomoa chaja, nikafunika mashine, kitenge, fundo la kwanza, fundo la pili, nikatoka. Hata mlango nilirudishia. Nawaambieni, haikuchukua muda wa kusema Salamu Maria. Mikono ilifanya kazi yake jinsi ilivyofundishwa, na miguu ikafuata watu wengine kwenye njia ya msituni.

Tulitembea kama saa mbili. Mlio ulikuwa unakuja na kupotea nyuma yetu, na kila ulipokuja tuliinama wote pamoja. Nilikuwa naogopa kwa wale wote niliowajua, nikiwahesabu kichwani: mume wangu yuko Mubi, yuko salama, mama mkwe yuko na mtoto. Mgongoni nilihisi joto. Mashine niliifunika bila kuizima, kosa ambalo kwalo ningemgombeza mwanafunzi wangu yeyote, nayo ilikuwa inawaka ndani ya kitenge. Nilihisi joto lile likipanda mpaka mabegani na mwili wangu ukatulia, kwa sababu mwili wa mama ukihisi uzito na joto mgongoni hauulizi kitu kingine.

Tulifika juu, kwenye uwanja wa shule, mahali tulipozoea kukusanyika. Watu walikuwa wanaitana majina. Nikamwona mama mkwe anatokea upande wa pili, kutoka njia ya mashamba, anatweta, kikapu cha sombe bado kichwani. Alikuwa peke yake. Aliponiona uso wake ulifunguka. Alisema, "Mungu asifiwe," akatua kikapu, akanizunguka kwa nyuma, akainua ukingo wa kitenge amwangalie mjukuu wake.

Nilimsikia anavuta pumzi. Kisha akaja mbele yangu, akanishika mashavu kwa mikono yenye udongo.

"Mapendo iko wapi?"

Niliutazama mgongo wake, haukuwa na mtu.

"Weye! Mi nilikuambia mutoto analala. Ulinijibu ndiyo. Mapendo iko wapi?"

Hapo ndipo nilipousikia ule ujumbe wake wa asubuhi kwa mara ya kwanza. Niligeuka nikaanza kushuka. Yeye alinishika nguo, akisema twende wote, lakini goti lake lilikuwa bovu na wanawake wengine wakamzuia. Mmoja akaniita nyuma, "Acha basi ile muzigo!" Nilimsikia, lakini sikuelewa mzigo gani.

Sijawahi kuogopa vile, wala kabla wala baada, na nimeona mengi. Woga wa kufa una mwisho, kwa sababu kufa kuna mwisho. Ule haukuwa na mwisho. Watu walikuwa wanapanda, mimi peke yangu nashuka, wananigonga mabega, wananiambia, "Mama, rudia, kule kuko masasi, banapiga." Nilikuwa nasema jina lake kila hatua. Niliwaza moto. Niliwaza moshi, niliwaza mbwa. Niliwaza lile jiko langu nililoliacha na maharagwe juu yake.

Karibu na nyumba za kwanza walikuwa wamefunga kamba njiani. Watu wawili wenye bunduki. Mmoja mtu mzima, kofia ya sufu. Mwingine mwembamba, macho mekundu.

"Simama hapo! Unatoka wapi?"

"Kule ku mulima."

"Batu bote banakimbia, weye njo unarudia?" alisema yule mwembamba. "Unarudia kuangalia nini?"

"Mutoto wangu. Nilimuacha ku nyumba."

Yule mtu mzima alinitazama. "Na ule wa mugongo?"

"Haiko mutu. Iko ordinatere."

Alitazama mzigo, kisha uso wangu, kama anayehesabu jambo lisilohesabika. "Uliacha mutoto," alisema polepole, "ukabeba ordinatere?"

Hakusema kwa kunidhihaki. Afadhali angenipiga.

"Anasema bongo, anatudanganya," yule mwembamba akaingilia. "Iko mutambo ya kutuma habari. Huyu banamutuma." Akaisogeza bunduki.

Mtu mzima akanionyesha jiwe. "Fungula. Wakisha tuone. Kama iko ordinatere kweli, itawaka. Kama haiwake, tutajua uko nani."

Nikaifungua juu ya jiwe. Ilikuwa ya moto kiasi cha kuunguza. Nilikuwa nimepima mashine mamia, nimeandika uzuri na ubaya wake katika madaftari, na betri ya hii nilikuwa nimeandika mimi mwenyewe: dakika arobaini. Ilikuwa imekaa kwenye kitenge zaidi ya saa tatu. Nilibonyeza. Kioo kikabaki cheusi, kikinionyesha uso wangu na bunduki juu ya bega langu. Taa ndogo ya pembeni ikawaka rangi ya chungwa, ikazima, ikawaka. Nilimwomba Mungu, na kwa kweli niliiomba na mashine yenyewe.

Ikaamka; kumbe ilikuwa imesinzia njiani. Ule mstari wa CD ulikuwa bado palepale, umebakiza kidogo. Betri: asilimia tatu.

"Weka muziki," alisema mtu mzima.

Nilitafuta wimbo wa kwaya, nikabonyeza vibaya mara mbili. Sauti zikatoka, zile spika hafifu, wanawake wa parokia wakiimba kwa sauti nne. Yule mwembamba akashusha bunduki. Waliimba ubeti mmoja, wakaingia kwenye kiitikio, wakakatika katikati ya neno. Kioo kikawa cheusi.

"Imekufa?"

"Haikufa. Inataka umeme." Nikatoa chaja kwenye kitenge nikaiweka juu ya mfuniko. "Na hii. Bila hii haitawaka tena."

Mtu mzima akainua kamba; mashine niliiacha juu ya jiwe. Nilikuwa nimeshapita aliponiita, nikasimama nikijua sasa atanipiga risasi.

"Mama. Iko muzuri?"

"Iko muzuri," nilimjibu. Mpaka leo sijapata mashine nzuri kuliko ile.

Mlango wetu ulikuwa umevunjwa. Jikoni chungu kilikuwa kimeungua mpaka kitako na moto umejifia wenyewe. Sekretaria ilikuwa tupu: printa hakuna, mashine ya fotokopi hakuna, karatasi zimetapakaa, na matope ya buti yamezunguka meza yangu pande zote nne. Nikaenda chumbani. Tulikuwa tunalala kwenye godoro lililowekwa chini. Shuka lilikuwa limevutwa mpaka mlangoni. Mtoto hakuwapo.

Nilizunguka nyumba ile nikiita, na sauti yangu ilikuwa ya mtu mwingine. Nilifungua hata pipa la maji. Niliporudi kwenye sekretaria nilianguka magotini. Ndipo nikamwona. Alikuwa chini ya meza yangu, ukutani kabisa, amelala kati ya nyaya, waya wa kipanya mdomoni, uso umejaa vumbi na mistari ya machozi. Alikuwa ameamka, akatambaa kuja kunitafuta mahali alipozoea kuniona. Watu wale walivunja mlango, wakabeba vitu juu yake, wakazunguka na buti zao, naye alikuwa pale pale. Kama walimwona, sitajua kamwe.

Nilipomgusa alifungua mdomo kulia, lakini sauti haikutoka. Alikuwa ameimaliza yote. Nilimfunga mgongoni. Mimi niliyekuwa nikijigamba kwamba mgongo wangu unajua kilo, niliona alivyo mwepesi, nikapeleka mkono nyuma kuhakikisha yupo.

Tulipita nyuma ya mashamba, tukafika juu jua likiwa bado lipo. Mama mkwe alimtoa mgongoni kwangu mwenyewe, akamfunga kwake, na kwa muda wote tuliokaa msituni alinipa mtoto wakati wa kunyonya tu. Sauti ya mtoto ilirudi siku ya tatu. Watu walipomuuliza ilikuwaje, yule mama, ambaye angeweza kunimaliza kwa neno moja, alisema mbele ya wote: "Banamunyanganya mashini njiani, yeye akashikilia mutoto." Papa Kasereka aliambiwa hivyohivyo. Mume wangu pia. Bibi aliyarudia maneno hayo mwaka hadi mwaka, mpaka yakawa hadithi ya nyumba yetu, na alikufa bila kuyabadilisha.

Nilirudi kazini. Nilipima mashine kwa miaka mingi tena, nikapika maharagwe mengi, nikawafundisha wengi wenu. Kilima sikukipanda tena na mzigo wowote.

Mapendo, mwanangu, nawe uko kati ya vijana hawa, una meza yako Goma na wateja wako. Nimekusikia ukiwasimulia wenzako kwa fahari jinsi mama yako alivyowaachia wenye bunduki mashine ya tajiri wake ili asikuachilie wewe. Nimeketi hapo mara ngapi, nikakuacha umalize. Haikuwa hivyo. Bibi yako alinifunika. Ulikuwa umelala, mimi nilikuwa nimeambiwa, nikabeba mashine, nikarudishia mlango.